Sura ya Sita: Dirisha la Chumba cha Mama

Koplo Muigai alikuwa ameshaamua. Aliamua tangu Alhamisi asubuhi, aliposimama mlangoni pa chumba cha marehemu Mama Jepkorir, ambaye wote walimwita kogo, yaani nyanya, akaliona jiko la makaa kando ya kitanda, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumbandua.

"Makaa haikuwa imeshika, madam," alisema tena Jumamosi hiyo, akikwangua matope ya viatu kwenye kizingiti. "Hii kitu kila mtu anajua. Jiko unawasha nje, unangoja moshi iishe, makaa ikuwe nyekundu kabisa, ndio unaingiza ndani. Huyo msichana alikuwa na haraka ya kulala. Akaingiza makaa mbichi, kogo akakufa. Jumatatu tunampeleka kortini, basi."

Inspekta Sellah Nabwile hakumjibu. Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kumwacha mtu aongee peke yake mpaka aone haya, na kwa Muigai haikufanya kazi, maana Muigai hakuwa na haya. Alibakiza mwaka mmoja astaafu na alitaka kila jalada lifungwe upesi.

Msichana mwenyewe aliitwa Nelima, wa Kabuchai upande wa Bungoma, mfanyakazi wa nyumba. Alikuwa amekiri kila kitu ambacho hakikuhitaji kukiriwa. Ndiyo, yeye ndiye aliyewasha jiko. Ndiyo, yeye ndiye aliyeliingiza chumbani, kama alivyofanya kila jioni ya baridi tangu aajiriwe. Ndiyo, alifunga mlango. Kisha Muigai akapekua sanduku lake akakuta shali ya marehemu, na mwana wa marehemu, Kipkosgei, akasema kwa uchungu mwingi kwamba alishamkataza msichana huyo mara nyingi asiingize jiko ndani. Kwa hiyo Nelima alikuwa seli, na akifika kortini Jumatatu angeshtakiwa kwa kuua. Hakuwa na wakili wala mtu wa kumtafutia.

Sellah alisimama katikati ya chumba akasikiliza. Nje, mvua ya Julai ya Kitale ilikuwa ikipiga mabati ya banda la ng'ombe. Ndani haikusikika. Ukifumba macho ungedhani mvua imekwisha.

"Haya madirisha ni mapya," alisema.

"Ya Aprili. Kijana aliwekea mama yake nyumba nzima. Vioo viwili viwili, hewa imefungiwa katikati. Joto haitoki, baridi haiingii." Muigai alitikisa kichwa kwa husuda. "Wangu wakinikumbuka na kiberiti tu nitashukuru Mungu."

Yalikuwa madirisha ya kupendeza kweli, yenye fremu nzito za plastiki ya rangi ya kahawia na raba pande zote. Ukutani juu yake mtu angeweza bado kuona mahali palipozibwa vile vitundu vya hewa ambavyo kila nyumba ya zamani hujengwa navyo, vimesakafiwa na kupakwa rangi. Sellah aliburuta kiti, akapanda, akalisogeza pazia zito.

Kwenye fremu ya juu kulikuwa na matundu mawili marefu na membamba, kila moja na kifuniko chake kidogo cha kusukuma. Alijaribu kukisukuma kimoja. Kiligoma. Alijaribu cha pili, nacho kikagoma. Ndani ya matundu yote mawili kulikuwa kumejazwa silikoni nyeupe, ile gundi ya kuzibia mianya, imesawazishwa kwa kidole.

Alishuka, akaenda sebuleni, kisha vyumba vingine. Kila dirisha lilikuwa na tundu lake moja juu, na kila tundu lilikuwa wazi. Silikoni iliyozunguka fremu za nyumba nzima ilikuwa nyeusi.

Aliporudi, alitoa kisu kidogo mfukoni akaikata ile silikoni nyeupe taratibu mpaka ikatoka vipande virefu. Aliupindua upande wa chini wa kimoja akamwonyesha koplo. Vumbi lilikuwa limeganda humo, na mbu wawili na kinondo, wamelala kama walivyofia.

"Fundi mbovu," alisema Muigai. "Ameziba mahali si pa kuziba."

"Fundi aliweka dirisha likiwa jipya. Hawa wadudu walipata wapi nafasi ya kuingia humu na kufa na kufunikwa na vumbi, kama lilizibwa siku hiyo hiyo?"

Muigai alifikiri. Ilimchukua muda.

"Walikuja baadaye?"

"Aliyeziba ndiye alikuja baadaye," alisema Sellah, akavitia vipande kwenye mfuko wa ushahidi. "Weka pazia kama lilivyokuwa. Na mtu asiambiwe."

*

Nelima aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na miguu mitupu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na kwa siku mbili alizokaa seli alionekana amezeeka.

"Hiyo shali kogo alinipea mwenyewe, madam. Alisema nisisikie balidi. Naapa."

"Achana na shali. Nani hupangusa dirisha la chumba cha kogo?"

Msichana alishangaa. Hakuna aliyemwuliza mambo ya dirisha.

"Ni mimi. Hiyo dilisha ilikuwa kavu tu, ata mvua ikinyesha. Lakini Jumatatu, nikiingiza chai, nikapata kioo inatoa jasho huku ndani. Maji inatelemuka mpaka chini. Nikapanguza. Jumanne hivyo hivyo."

"Jumatatu ya wiki hii? Siyo kabla?"

"Jumatatu. Jumapili watu wa kogo walikuwa wamekuja kumsalimia. Anko Kipkosgei na auntie Chepkirui, bibi yake. Wakakunywa chai, wakarudi."

"Na kogo alikuwaje?"

"Alisema kichwa inamuuma. Asubuhi inamuuma, mchana akikaa nje inapona, akirara inarudi. Jumatano nikapigia anko simu. Nikamwambia kogo ni mgonjwa."

"Akasema nini?"

Nelima aliitazama mikono yake. "Akasema ni balidi ya Julai. Akasema niongeze makaa."

Sellah aliliandika hilo.

"Na nikaongeza," alisema Nelima. "Nilijaza jiko, madam. Nilingoja ikuwe nyekundu kabisa."

Sellah hakuwa mtu wa huruma na hakujifanya kuwa nayo. Lakini alipotoka kwenye chumba kile alikuwa na hasira ambayo hakutaka kuiweka chini, akaingia nayo kwenye gari na kuendesha nayo njia yote ya Bungoma, akapita kwao Ndalu bila hata kupunguza mwendo.

*

Karakana ya Edinah Nanyama ilikuwa Bungoma, upande wa kuelekea Kanduyi, na ukutani alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kuliko mlango kwamba hakuna mwenye madirisha kama yake. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, amevaa kofia ya kanisa juu ya ovaroli, na alijisifu hata kabla ya salamu kumalizika.

"Mulembe, dada. Kama umekuja ya kufinya bei, rudi tu. Mimi sifinywi."

Sellah alimwonyesha kitambulisho, kisha mfuko wenye vipande vyeupe.

"Hii ni yako?"

"Nyeupe?" Edinah aliurudisha mfuko kama mtu aliyepewa chakula kilichochacha. "Usinitusi. Kitale ni mahali pa ubichi mwaka mzima. Silikoni ya nyeupe ukiiweka dirishani, msimu mmoja imeshika ukungu, imekuwa na madoa, mteja anaanza kunitukana kwa Facebook. Natumia nyeusi peke yake. Ya nyeupe ni ya sinki na choo."

"Unaikumbuka kazi ya Kipkosgei?"

"Yule wa biashara ya Suam, mpakani? Namkumbuka. Mteja mzuri. Watu wa huko juu wananunua dirisha kama shati, anaangalia rangi tu. Mimi nauliza swali moja kwanza: hapa ndani nani analala na jiko? Wanakataa, bana! Wanajifanya wa kisasa. Na nyumba zote huko ziko na mtu wa jiko. Sasa ukinifungia vile vitundu vya ukuta, uniwekee kioo mbili na raba, usiache mahali pa kupumua, nyumba itaoza. Nguo itanuka, ukuta itakuwa nyeusi. Na wa jiko atakufa."

"Kipkosgei alijibu nini?"

"Huyo hakunificha. Alisema mama yake hawezi kulala bila jiko, amezoea tangu aolewe. Nikamwambia sawa, chumba cha mama naweka matundu mawili badala ya moja. Akakubali mara moja. Siku ya kumaliza nikamwonyesha. Nikawasha gazeti kidogo, nikaizima, nikasimamisha ule moshi chini ya tundu. Ukavutwa nje wote! Akafurahi kama mtoto." Edinah alicheka, kisha akapunguza kicheko. "Akaniuliza, na ikizibwa?"

"Alisema hivyo?"

"Hivyo. Nikamwambia, ikizibwa na makaa iko ndani, hata ikuwe nyekundu namna gani, utazika mtu. Watu wanafikiria ubaya ni moshi. Ile sumu haina moshi, haina harufu. Inamlaza mtu tu. Si nilifikiria ni kijana anapenda mama yake?"

"Nani mwingine alisikia?"

"Sisi wawili tu. Bibi yake alibaki kwa gari, ati kuna matope."

Sellah alimshukuru. Alipofika mlangoni, Edinah alimwita.

"Dada. Huyo mama yuko sawa?"

"Tulimtoa Alhamisi."

Edinah alivua kofia yake ya kanisa akabaki ameishika.

Jioni hiyo Sellah alipita nyumbani kwa Kipkosgei mjini Kitale kutoa pole, akaomba maji ya kunywa, akayafuata mwenyewe jikoni. Chepkirui alikuwa na sinki jipya. Limezungushiwa silikoni nyeupe.

Basi ilikuwa mmoja wao, au wote wawili. Wote walikuwako Jumapili, na silikoni ilikuwa ya nyumba yao. Wote wangefaidi mama akiondoka, maana shamba la kando ya barabara alikuwa amekataa kuliuza mpaka siku ya kufa. Lakini fundi alimfunza Kipkosgei peke yake. Kama aliyajua peke yake yale, au alimshirikisha mkewe, hakuna kipande cha silikoni ambacho kingemwambia Sellah. Ilibidi awaulize kwa njia nyingine.

*

Jumapili baada ya ibada aliwaita chumbani kwa marehemu. Alisema ni utaratibu tu, kwamba anataka kuelewa jinsi msichana alivyofanya ili mwendesha mashtaka asije akaaibika. Kipkosgei alivaa suti nyeusi na alikuwa na sauti ya mtu aliyelia vya kutosha. Chepkirui, mwalimu wa shule ya msingi, alijikunja ndani ya koti akipuliza vidole. Sellah aliwaketisha kwenye kitanda, yeye akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Nasikia ulienda mpaka Bungoma," alisema Kipkosgei. "Natumai si kumtafutia msichana wa kwenu njia ya kutokea."

"Nilienda kununua madirisha," alisema Sellah. "Muigai! Leta."

Koplo aliingia na jiko. Alikuwa amelipepea nje zaidi ya nusu saa kama alivyoagizwa, na makaa yalikuwa mekundu mpaka katikati, bila ukungu wa moshi. Aliliweka chini mbele ya kitanda, akatoka, akafunga mlango.

"Hivi ndivyo lilivyotakiwa kuingizwa, sivyo?" Sellah aliuliza. "Limeshika vizuri?"

"Hapo ni sawa kabisa," alisema Chepkirui. "Hata sisi nyumbani tuliwasha hivyo. Huyo msichana angengoja hivi tu, mama angekuwa hai." Alilisogeza jiko kwa ncha ya kiatu likaja karibu na magoti yake, akaikunjua mikono juu ya joto.

Kipkosgei hakuinyoosha mikono yake. Alilitazama jiko. Kisha akalitazama pazia.

"Mimi sioni haja ya hii," alisema. "Ni kutuumiza tu. Mama amekufa hapa."

"Hatutakawia. Nisimulie mlivyomtembelea Jumapili iliyopita."

"Tulikunywa chai. Tukaondoka."

"Mliingia chumba hiki?"

"Kumsalimia."

"Mama alilalamika baridi?"

"Kila mzee hulalamika baridi." Alilegeza tai. "Inspekta, wacha tufungue mlango kidogo. Hewa ni nzito."

"Nzito? Dirisha lina matundu mawili. Nasikia wewe mwenyewe uliomba yawe mawili."

Kipkosgei alikuwa amebanwa, na Sellah alifurahi kumtazama akitafuta pa kutokea, furaha ambayo isingempendeza mchungaji wake. Kama angesema matundu yapo, ingebidi akae. Kama angesema yamezibwa, ingebidi aeleze ameyajuaje.

"Ndiyo," alisema hatimaye. "Yapo." Chepkirui alimgeukia kama anayetaka kumsahihisha, akaacha.

"Basi tukae."

Sellah akaanza kuuliza mambo ya kijinga makusudi. Marehemu alipenda kulala upande gani. Alikunywa chai na maziwa au mkandaa. Chepkirui alijibu yote, na mara mbili alifuta machozi. Uso wa Kipkosgei ulikuwa umeanza kulowa jasho. Alipumua kwa pua, kidogo kidogo, kama anayepita penye mzoga. Kisha akashika mfuko wa suti akainuka.

"Samahani, simu. Ni watu wa Suam. Network ya hapa ndani ni mbaya."

"Sijaisikia ikilia," alisema Chepkirui.

"Iko vibrate."

Nusura amkanyage Sellah, akafungua mlango, akatoka. Kisha akageuka, akaushika mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga. Walisikia ulimi wa kitasa ukiingia mahali pake.

"Anafunga baridi," alisema Chepkirui kwa aibu ndogo, kama mke anayemwombea mume radhi kwa wageni. "Ameshtuka sana na hii kifo."

"Tumngoje," alisema Sellah.

Walimngoja. Makaa yalinong'ona. Chepkirui alisimulia jinsi mama mkwe alivyomfundisha kugandisha maziwa ya mursik, akaangalia mlango. Akasimulia kingine. Akaangalia mlango tena.

"Simu gani hii ndefu?"

"Fungua pazia umtazame," alisema Sellah.

Chepkirui aliinuka akalivuta. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mumewe alikuwa amesimama chini ya mti wa msaipresi uani, suti yake inalowa, mikono yote miwili mfukoni. Hakuwa na simu sikioni. Alikuwa akilitazama dirisha, na alipomwona mkewe alirudi nyuma hatua moja.

"Anafanya nini huko?"

"Angalia juu, mwalimu. Kwenye fremu."

Aliangalia. Matundu yote mawili yalikuwa wazi, na kandokando yamebaki mabaki meupe ambayo kisu hakikuyafikia. Sellah alimweleza, kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za chai. Alimweleza kwamba makaa mekundu huua kama mabichi, na zaidi, kwa kuwa hayamshtui mtu. Alimweleza kwamba matundu yale ndiyo yaliyomweka mama mkwe wake hai tangu Aprili, na kwamba kuna mtu aliyeyaziba Jumapili iliyopita.

"Nimeyafungua jana mimi mwenyewe, kwa hiyo usiogope, hapa hatufi. Lakini mume wako hakujua nimeyafungua."

Chepkirui alisimama pale pale. Alifungua mdomo, akasema kitu kuelekea dirishani, akapiga kioo kwa kiganja. Kule nje Kipkosgei alionyesha sikio lake kwamba hasikii. Vilikuwa vioo vizuri kweli kweli.

"Angerudi saa ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijui."

"Tuna watoto wawili, Kigen na mdogo wake." Alisema hivyo kama hesabu aliyokuwa anaijaribu upya, na haikukubali. "Nimekaa hapa. Ameniona nimekaa hapa, nimevuta jiko karibu, akafunga mlango."

Sellah alifungua mlango akampa Muigai maagizo mawili. La kwanza lilikuwa pingu, na koplo alitoka mvuani mbio kuliko alivyowahi kukimbia miaka ile ya mwisho. La pili lilikuwa kupiga simu kituoni, Nelima atolewe seli, apewe viatu vyake na shali yake, na akae kwenye benchi la mapokezi mpaka inspekta arudi. Hakuna wa kumpeleka kortini.

Aliporudi ndani Chepkirui alikuwa ameketi tena kitandani. Huko uani Kipkosgei alikuwa akipaza sauti. Midomo yake ilionekana, maneno hayakuingia.

"Andika," alisema Chepkirui.

Sellah alitoa kalamu.

"Silikoni ilikuwa imebaki ya sinki langu. Alisema mama analalamika upepo unaingia juu ya dirisha, kwa hivyo anataka kumzibia baridi. Nikasema ni jambo zuri. Akapanda kwa hicho kiti umekalia. Mimi ndiye nilimshikia kiti kisiteleze, na mama alikuwa amekaa hapa kitandani anatubariki, ati Mungu atukumbuke vile tunamkumbuka."

"Endelea."

"Alimaliza tundu moja, akashuka. Nafikiri alikuwa ameogopa. Akasema inatosha, twende." Aliyatazama makaa, ambayo sasa yalikuwa yameanza kuvaa majivu. "Nikamwambia, Baba Kigen, umesahau hiyo nyingine."